Nusu ya Mshumaa wa Mama Nyemo

Mjukuu wangu Glori ana tabia ya kusoma kila kilichoandikwa chini ya kitu. Ukimpa biskuti, kwanza anapindua paketi. Wiki ile tuliyomzika Mama Nyemo alikuja kunipa pole, na mkononi alikuwa na zawadi: mshumaa wa ndani ya glasi, rangi ya zambarau, unanukia kama saluni. Kabla hajanikabidhi akaupindua, akaanza kucheka. "Bibi, huu una tarehe ya mwisho! Kumbe na mishumaa inaharibika? Mshumaa unakaa muda gani?" Nikamwambia inategemea. "Inategemea nini?" Mtoto huyu angefaa kuwa hakimu. Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona machozi yanakuja mbele ya maneno, nikamtuma akabandike maji ya chai. Jibu lenyewe nimeliweka mpaka leo, na naliandika kwa kirefu kwa sababu sijui namna ya kulifupisha. Yote ninayoyajua kuhusu kuzeeka kwa mshumaa nilifundishwa katika mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na tisa, ndani ya nyumba ya mwanamke ambaye hakunizaa, na ambaye mwaka huohuo nusura nimpoteze.

Ya nyumbani kwetu nayaacha. Kila mtu ana kwao, na kila kwao kuna maneno yake. Inatosha kusema nilifika Miyuji na sanduku la bati, sina pa kurudi, na Padri wa parokia, mtu aliyependa kumaliza shida mbili kwa safari moja, akanipeleka kwa mama mjane aliyekuwa akiitengenezea parokia mishumaa. Yeye alihitaji mikono, mimi nilihitaji paa. Ulikuwa mwaka wa uhaba. Walioishi wakati ule hawahitaji kuelezwa, na waliozaliwa baadaye hata ukiwaeleza wanadhani unawatania: watu walipanga foleni ya sabuni bila kujua kama sabuni yenyewe ipo. Mishumaa ya dukani ilikuwa haionekani, kwa hiyo parokia ilikuwa imerudia nta ya nyuki. Mama Nyemo alinipokea mlangoni, mwanamke mfupi, mnene wa mabega, kitenge kimefungwa juu kabisa chini ya makwapa. "Shikamoo, mama," nikasema. "Marahaba. Lete mikono." Sikuelewa. Akaichukua, akaigeuza huku na huku kama anachagua nyanya sokoni. "Inatoka jasho?" "Hapana, mama." "Itatoka. Hapa Dodoma. Haya, karibu ndani." Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mimi jembe langu nilipewa kabla ya chai, furushi la uzi wa pamba, niketi nisokote tambi za mishumaa.

Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu na bati, haina dari. Nyumba isiyo na dari haina siri. Ukuta unaishia usawa wa bati na maneno yanapita juu yake bila kubisha hodi. Nilipewa chumba cha nyuma, chenye kitanda cha kamba na dirisha la mbao lililotazama kilima, na kila siku nikishazima kibatari nilisikia sauti yake kutoka upande wa pili: "Tekla, umelala?" "Bado, mama." "Basi lala." Kila siku maneno yaleyale. Mwanzoni nilidhani ananichunga. Baadaye nikajua kwamba tangu mumewe afariki hakuwa na mtu wa kumuuliza, naye alikuwa na njaa ya kuuliza. Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, mchana na jioni, na siku ya sikukuu tuliongeza karanga ndani ya mlenda. Mimi mlenda ulinishinda. Natowea, naona umenitoroka kidoleni, umerudi bakulini, umeniachia uzi mrefu mpaka kidevuni. Mama Nyemo alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mtoto analishwa na sahani, au analisha sahani?" Leo nikila mlenda popote nausikia ule mcheko, na nashiba kabla sijamaliza.

Chumba cha mishumaa kilikuwa nyuma ya sakristia, pale padri anapovalia mavazi ya misa, upande usiopigwa na jua la mchana, na hilo halikuwa bahati. Mama Nyemo alikuwa amekigombea. Kilinukia asali na moshi. Nta tuliyeyusha katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji, maana nta ikiguswa na moto wenyewe inakasirika na inaweza kukuunguzia nyumba. Tulichovya utambi, tukautoa, tukaungoja, tukauchovya tena, mpaka mshumaa unenepe. Halafu, jambo lililonishangaza, hatukuuwasha. Mshumaa uliotengenezwa leo ulilazwa rafuni, juu ya kitambaa, upumzike wiki kadhaa. "Mshumaa mchanga una papara," alisema. "Unalia hovyo, unaisha kabla ibada haijaisha. Mwache akae ajifunze." Alizungumza hivyo, mara mshumaa ni kitu, mara ni mtu. Nilidhani ni Kiswahili cha ukubwani, maana yeye Kigogo ndicho alichonyonya, lakini siku alipotaka kusema vizuri alisema vizuri kuliko katekista.

Alinifundisha kuutambua umri wa mshumaa kama mtu anavyotambua umri wa ng'ombe. Ule mweupe wa kiwandani unaanza kuwa wa manjano kama jino la mvuta tumbaku, na ukiwa karibu na bati mwezi wa kumi unainamisha kichwa rafuni kama mtoto anayesinzia kanisani. Wenye manukato unanukia mwaka wa kwanza, wa pili unanukia ukiusogelea, wa tatu unanukia kwa kukumbuka. Wa nta ya nyuki ni mwingine. Huo unageuka rangi polepole, kutoka asali mpaka kahawia, kisha unatoka vumbi jeupe mwili mzima, jembamba, kama lile linaloota juu ya zabibu zetu. Watu walilalamikia vumbi lile. "Mama, mshumaa umeota ukungu." Akauchukua, akaupangusa mara moja kwa kitambaa laini, kwa joto la kiganja, na mshumaa ukang'aa, akaurudisha kwa mwenyewe. Mimi aliniambia tukibaki wawili: "Nta haiozi, mwanangu. Kinachozeeka ni utambi. Unakunywa unyevu, unakula vumbi, siku ukiwashwa unakohoa. Ukikohoa usiogope, ungoje."

Hapo nikaijua kazi yake ya pili, ambayo haikuwa ya parokia. Pale kwetu kila aliyebatizwa alipewa mshumaa, na mshumaa ule hautupwi. Unafungwa ndani ya kanga, unalala chini ya sanduku, unatolewa siku ya ndoa ukawashwa tena, unarudi sandukuni mpaka siku ya mwisho ya mwenyewe. Wa ubatizo, wa ndoa na wa safari, walisema wazee, na wote ni mmoja. Sasa fikiria mshumaa uliokaa miaka ishirini chini ya bati la Dodoma. Wiki za harusi mlango wetu ulijaa. Kuna bwana harusi aliyeleta mshumaa uliopinda kama bakora. Kuna aliyeleta uliogandana na kanga, hujui kipi ni nta na kipi ni maua ya kitambaa. Kuna binti aliyekuja analia, wake umeliwa na panya, umebaki kama hindi lililotafunwa. "Sasa unalia nini?" Mama Nyemo akamuuliza. "Panya huyo si mkwe wako. Kaa hapa." Akamwongezea nta juu ya utambi uleule, maana sheria yake ilikuwa hiyo: nta unaweza kuongeza, utambi haubadilishwi. Iliyopinda tuliilaza kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ilegee, tukaibingirisha juu ya ubao mpaka inyooke. Ukiunyoosha ungali baridi unapasuka. Haraka haraka haina baraka, na kwa mshumaa uliopinda ni kweli tupu.

Nta yetu ililetwa na Mzee Idi kutoka Kondoa. Alishuka kwenye basi na gunia, kanzu imejaa vumbi, na kabla hajaketi alianza utani. "Mbukwenyi!" alisalimu kwa Kigogo chake kibovu kwa makusudi. "Nimewaletea mwanga. Mimi Mwislamu nawawashia kanisa, na nyinyi hata bakuli la maji hamnipi." Mama Nyemo akamjibu kutoka jikoni, "Maji tunayo, ila tunaogopa utayageuza nta." Waliweza kutupiana hivyo saa nzima, na nta ikapimwa katikati ya kicheko. Alikuwa akituletea na kichupa cha asali, zawadi, na siku zote akisema si zawadi, ni sampuli.

Nimeeleza haya kwa raha kwa sababu yanayofuata hayakuwa na raha. Kipupwe cha mwaka ule, upepo wa mwezi wa saba unapokwaruza ngozi mpaka midomo inapasuka, Mama Nyemo alianza kukohoa. Alikohoa wiki, akasema ni moshi. Wiki ya pili homa ikampanda, akalala, na mtu ambaye sikuwahi kumwona amelala jua limetoka akashindwa hata kugeuka ukutani. Nesi akaja kumchoma sindano asubuhi na jioni. Usiku niliuliza mimi: "Mama, umelala?" na upande wa pili ukanijibu mkoromo tu. Nilikuwa na hofu mbili, na nitazitaja zote. Ya kwanza, kwamba atakufa, mwanamke pekee duniani aliyeniuliza kama nimelala. Ya pili, kwamba akifa mimi sina mahali. Hofu hizo hazikuwa na mkubwa na mdogo. Zilikaa pamoja kifuani.

Akaja mwanawe mkubwa, Yoramu, kutoka Mvumi, na wifi yake, Shangazi Eliza, dada wa marehemu mumewe, bibi mkavu, mrefu, asiyependa maneno mengi. Jioni ile niliwasikia sebuleni, maneno yakipita juu ya ukuta. "Tumzike hapa au nyumbani?" Yoramu aliuliza, na sauti ilikuwa imepasuka. Shangazi akasema hajafa bado. "Najua hajafa. Lakini lazima tufikiri. Na hii nyumba tuipangishe, wafanyakazi wa serikali wanatafuta vyumba." "Na yule msichana?" "Atatafuta kwingine, shangazi. Sisi hatumjui." Sikumchukia, na leo simchukii hata kidogo. Mtu akiogopa kufiwa anashika mambo ya mikono: kaburi, nyumba, kodi. Lakini nililia kimya nimeuma kanga, kwa sababu alikuwa amesema kweli, hawakunijua.

Kesho yake Padri akampaka mafuta ya wagonjwa. Shangazi Eliza akasema uletwe mshumaa wake. Tukafungua sanduku, na hapo nikauona ule usemi wa mganga hajigangi kwa macho yangu. Yule aliyenyoosha mishumaa ya Miyuji nzima, wa kwake mwenyewe hakuwahi kuugusa tangu harusi yake. Ulikuwa wa kahawia iliyoiva, mweupe kwa vumbi, umejikunja kabisa, na utambi umezama. Watu wote wakanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi wake, hakuna mwingine. Nikabandika maji, nikayapima kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto, nikaulaza humo, nikaungoja. Nikaubingirisha taratibu, ukanyooka. Nikaupangusa kwa kiganja, nikaufukua utambi kwa sindano, nikaupeleka chumbani. Ilikuwa saa nane za mchana, madirisha yamefungwa kwa ajili ya upepo. Yoramu akauwasha. Ukakohoa. Nikasikia watu wanavuta pumzi. Nikasema, "Ungojeni," kwa sauti ambayo haikuwa yangu, na baada ya kupapatika kidogo mwali ukakaa.

Sasa lazima nieleze walivyoamini wazee wa pale, la sivyo hutaelewa nilichofanya. Mshumaa wa safari ukishawashwa hauzimwi. Kuuzima ni kama kumzima mwenyewe. Unaachwa, na mgonjwa anaondoka nao, huu ukiisha na yeye ameisha. Mimi niliamini? Sijui. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimekaa kitandani kwake nautazama mshumaa ambao haukuwa mrefu, na mwali ulikuwa mkubwa, unaila nta kwa pupa. Na nilijua kitu kimoja ambacho watu wengine mle chumbani hawakukifikiria: mshumaa unakula kwa utambi. Utambi mrefu, moto mkubwa. Utambi mfupi, moto mdogo, nta inakaa. Mama Nyemo alikuwa amenifundisha hivyo kwa ajili ya misa ndefu za Wiki Kuu. Shangazi Eliza alipotoka kwenda kunawa uso, Yoramu yuko nje na Padri, nikachukua mkasi wa kushonea, nikakata ncha ya utambi ungali unawaka. Mwali ukanywea, ukabaki kama punje. Wakarudi, hakuna aliyegundua. Utambi ukaota tena, mwali ukakua, nikangoja watoke, nikakata tena. Nilikuwa nafanya hivyo nikimwambia moyoni, mama, kaa, mama, bado sijajua kuchovya mshumaa wa Pasaka, mama, kaa.

Mara ya tatu, au ya nne, niligeuka na mkasi mkononi nikamkuta Shangazi Eliza amesimama mlangoni. Amesimama muda gani, Mungu anajua. Nilikuwa nimemwibia marehemu mtarajiwa mshumaa wake, au nimemkawiza njiani, sijui hata kosa hilo lingeitwaje. Nikapiga magoti. "Shangazi, nisamehe." Akaja taratibu, akanitazama, akautazama mshumaa, akamtazama wifi yake anayehema pale kitandani. Wale mawifi wawili walikuwa wamezeeka pamoja, wamegombana miaka yote kama nilivyosikia, na tangu afike sikuwa nimemwona Shangazi akigusa hata mkono wake. Akachomoa kitu kwenye pindo la kanga yake, kimefungwa kwenye karatasi. "Mkasi huo una kutu," akasema kwa sauti ya chini. "Unavuta utambi, utauzima. Chukua wembe." Akanipa. Kisha akaenda akasimama mlangoni, mgongo kwetu, na Yoramu alipotaka kuingia akamwambia, "Ngoja kwanza, tunambadilisha nguo." Mungu amrehemu bibi yule. Katika maisha yangu nimeombewa na watu wengi, lakini sijui kama kuna aliyewahi kunifanyia sala kubwa kuliko ule mgongo wake mlangoni.

Tukaendelea hivyo mpaka jua likaanza kuwa jekundu kwenye nyufa za dirisha. Mzee Idi alikuwa amefika na basi la mchana, ameambiwa, amekaa uani na tasbihi yake, hataki chakula. Chumba kilijaa watu tena. Na jasho likaanza kumtoka Mama Nyemo. Kwanza kwenye paji la uso, halafu shingoni, likalowanisha shuka. Nesi alipokuja na sindano ya jioni akamshika, akasema, "Homa inashuka," nasi hatukumwelewa, tulikuwa tumejiandaa kusikia jambo jingine. Mama Nyemo akafumbua macho. Akatazama bati. Akatazama watu, wote tumejipanga kama picha ya harusi. Akautazama mshumaa, muda mrefu, na uso wake ukakunjamana. "Nani," akasema kwa sauti ya mkwaruzo, "nani amekata utambi huu? Umekatwa mfupi. Utazama."

Shangazi Eliza alikuwa anatazama ukuta kana kwamba ukuta una picha. "Mimi, mama," nikasema, na nikaangua kilio ambacho mpaka leo wakinikumbusha naona haya. Yoramu akapiga magoti hapohapo. Watu wakaanza kuimba, wengine wakakimbilia nje kumwambia Mzee Idi, naye akapaza sauti ya "Alhamdulillahi" iliyosikika mpaka barabarani. Wakamwinua, wakamwekea mto, ukaletwa uji wa ulezi na asali ya Kondoa. Na mshumaa, ndugu msomaji, ukawa bado unawaka. Maana nani auzime? Yoramu akamtazama shangazi, shangazi akamtazama Padri, Padri akatazama viatu vyake. Mgonjwa anakunywa uji, mshumaa wake wa safari unawaka mezani, na watu wazima wote wamesimama hawajui la kufanya. Yeye akameza, akapangusa mdomo, akatutazama mmoja mmoja. "Mnapoteza nta ya watu," akasema. Akanyoosha mkono, akalowesha vidole kwa ulimi, akaubana utambi. Ukazimika kwa sauti ndogo. "Haya. Nani ana chumvi? Huu uji umepikwa na nani?"

Yalifuata mabishano ya wiki nzima kuhusu ile nusu iliyobaki. Jirani alisema ufukiwe, una mkosi. Katekista alisema umalizwe kanisani. Padri, alipobanwa, alisema mshumaa ni nta na imani ni moyoni, waseme wengine. Mama Nyemo aliwaacha wamalize. Kisha siku Yoramu anafunga mizigo kurudi Mvumi akatuita sebuleni, amekaa kitini, kipande kile kimefungwa kwenye kanga mpya mapajani. "Mimi mmeshaniaga," akasema. "Mmelia, mmeimba, na nyumba mmeshaipangisha. Nyumba hii haina dari, Yoramu, na homa haizibi masikio." Maskini Yoramu alitaka ardhi impasukie. "Sikulaumu, mwanangu. Ila kwa kuwa nimeagwa, ngoja niseme mwenyewe ambayo marehemu hawezi. Nyumba ni yenu, wanangu. Chumba cha nyuma ni cha Tekla, aolewe asiolewe, mpaka atakapokichoka. Ninyi mlinipa mshumaa. Yeye alinipa muda." Yoramu akanyanyuka, akaja mbele yangu, mtu mzima yule, akanipa mikono yote miwili. "Dada," akasema. Hajawahi kuniita vingine tangu siku hiyo.

Nilikaa katika chumba kile mpaka nilipoolewa, na hata baada ya hapo kila Pasaka nilikwenda Miyuji, nikafungua sanduku, nikaipangusa ile nusu vumbi lake jeupe, nikairudisha upande wa chini, mbali na joto la bati. Watoto wangu walizaliwa, wakasoma, wakaondoka. Miyuji ikajaa nyumba zenye dari. Mzee Idi akatangulia, Shangazi Eliza akatangulia, na mama alibaki, akapungua kimo, akapungua meno, maneno hayakupungua. Wakati mwingine nilimuuliza kama haogopi kuiweka ile nusu ndani ya nyumba. "Niiogope? Ile ni akiba. Watu wengine wana ng'ombe." Ndiyo sababu nashindwa kumpa Glori jibu fupi. Nimeona mishumaa mipya iliyokufa rafuni kwa kukaa juani, na nimeona nta iliyosubiri umri wa mtu mzima mwenye wajukuu na bado inanukia ua.

Tulipoitwa safari hii, ilikuwa asubuhi, jua zuri. Hakuwa na homa wala kikohozi, alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyetoka shamba. Yoramu, mzee sasa, na mkongojo wake, ndiye aliyeutoa mshumaa sandukuni. Akanipa, hakuna aliyemwambia anipe. Nikaupangusa, nikaufukua utambi, akauwasha. Ukakohoa, tukaungoja, mwali ukakaa. Haukuwa mrefu, kipande tu, na moto ukaanza kuula kwa nguvu. Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe. Nimefanya kazi ya mishumaa maisha yangu yote, sikosi wembe. Nilikuwa nimeinama tayari nilipohisi vidole vyake vimenishika kiganja, vikavu, vyepesi.

"Tekla."

"Abee, mama."

"Leo acha. Uache uwake."

Nikarudisha wembe mfukoni, nikakaa pembeni yake. Mwali ukapanda, mrefu na wa manjano, chumba kikajaa harufu ya asali, na nikaushika mkono wake mpaka nilipojua kwamba ninaushika peke yangu. Nikasema asante, mama, kwa sauti, mbele ya watu wote. Mshumaa ulikuwa bado unawaka, na tukauacha.